Vijidudu Vinavyoishi kwa Chumvi

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi karibu na pwani tumezoea kusikia maneno haya: "Sista, kidonda nimekwisha kukiosha kwa maji ya bahari, chumvi imeua wadudu." Wengine husema hivyo hivyo juu ya kisima ambacho maji yake yana ladha ya chumvi, kwamba maji ya namna hiyo hayana haja ya kuchemshwa. Na wapo wanaoamini kwamba chaza huweza kuliwa mbichi kwa kuwa ametoka katika chumvi.

Wanaosema hivyo hawakuokota maneno hayo hewani. Bibi zetu walihifadhi papa na ng'onda kwa chumvi kwa miezi mingi na samaki hakuoza. Chumvi nyingi huvuta maji kutoka ndani ya kijidudu mpaka kinashindwa kuzaana. Kwa vijidudu vingi hiyo ni kweli kabisa. Lakini bahari nayo ina wakazi wake. Katika lita moja tu ya maji ya bahari, hata yale yanayong'aa kama kioo, wamo bakteria mamia ya mamilioni. Kwa hao chumvi si sumu. Ni riziki yao, na wengi wao wakiikosa hufa.

Tusiwaonee wote. Walio wengi hawana habari na mwanadamu. Wanaozesha mizoga na majani yaliyozama, na bila wao bahari ingekuwa jaa la takataka. Mwezi huu tutazungumza juu ya wachache wanaotudhuru, hasa ukoo mmoja uitwao vibrio. Kijidudu cha kipindupindu ni wa ukoo huo, na kina ndugu ambao watu hawawafahamu.

Tupime kwa kijiko

Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba chumvi gramu 6 hivi. Lita moja ya maji ya bahari kuu ina gramu 35, yaani karibu vijiko sita. Dripu ya maji ya chumvi tunayowawekea wagonjwa ina gramu 9 kwa lita, kijiko kimoja na nusu, na imetengenezwa hivyo ili ilingane na damu. Kwa hiyo damu yetu nayo ni ya chumvi, ila ni kama robo tu ya ile ya bahari. Kwenye hori na mikoko, mahali mto unapokutana na bahari, chumvi hupanda na kushuka kufuatana na mvua, na maji kujaa na kupwa. Siku moja ni nusu kijiko, siku nyingine ni vijiko vinne. Tunaomba msomaji avikumbuke vijiko hivi, kwa sababu tutavirudia.

Tena chumvi ya bahari si kitu kimoja. Katika zile gramu 35, kloridi ni gramu 19 na sodiamu karibu 11. Zinazobaki ni salfeti, magnesiamu gramu 1.3 hivi, na kalsiamu na potasiamu zisizofika nusu gramu kila moja. Madini ya chuma ni machache mno, karibu na hakuna. Uchache huo wa chuma una hatari yake kwetu, kama tutakavyoona.

Kwa nini wanaihitaji

Tuanze na sodiamu. Kila bakteria ana ukuta mwembamba unaomtenga na maji yaliyomzunguka. Bakteria wa bahari wana pampu ndogondogo katika ukuta huo, na kazi yake ni kuitoa sodiamu nje mchana na usiku. Nje sodiamu inajaa, ndani inapungua. Halafu kuna vijilango ambavyo sodiamu hupitia kurudi ndani, na kila inaporudi hufanya kazi: huvuta chakula kiingie pamoja nayo, na huzungusha mkia mwembamba ambao vibrio huutumia kuogelea. Mwenye tangi la maji juu ya paa ataelewa haraka. Shida ni kuyapandisha maji. Yakishapanda, yanaposhuka yanafanya kazi zote za nyumba. Ukimnyima bakteria huyo sodiamu ukampa potasiamu badala yake, haisaidii. Mkia unasimama na chakula hakiingii.

Magnesiamu na kalsiamu zina kazi nyingine. Ukuta wa nje wa bakteria hao umeshikanishwa na madini hayo kama matofali yanavyoshikwa na saruji. Ukimtia katika maji ya mvua, saruji inalegea, na maji yanaingia kwa nguvu kwa sababu ndani mwake kuna chumvi na nje hakuna. Mama anayeloweka maharage usiku huyakuta asubuhi yamevimba, mengine yamepasuka. Wengi wa bakteria wa bahari hupatwa na hayo hayo, na wala hawangoji asubuhi.

Matango ya Yokohama

Mwaka 1950 katika mji wa Osaka, Japani, watu 272 waliugua baada ya kula dagaa waliokaushwa nusu, na 20 kati yao wakafa. Mtaalamu Tsunesaburo Fujino alikipata kijidudu ambacho hakikuwa kimejulikana. Mwaka 1955 watu wakaugua tena, safari hii katika hospitali moja ya mji wa Yokohama, na chakula kilichoshukiwa hakikuwa samaki bali matango yaliyotiwa chumvi. Mtaalamu Iwao Takikawa alipoiotesha sampuli katika chakula cha maabara kilichoongezwa chumvi, kijidudu kikastawi. Ndipo ilipoeleweka kwamba hiki ni kijidudu kinachopenda chumvi. Leo kinaitwa Vibrio parahaemolyticus, na ni miongoni mwa vinavyosumbua sana walaji wa vyakula vya bahari duniani.

Tuyaangalie hayo matango. Mpishi alitia chumvi ili yasiharibike. Kwa vijidudu vya kawaida chumvi hiyo ilikuwa kizuizi, lakini kwa huyu ilikuwa karamu. Anastawi vizuri penye gramu 30 za chumvi kwa lita, na anavumilia hata gramu 80. Tena matango hayaoti baharini. Kijidudu cha bahari hufika kwenye mboga kwa kisu, ubao na mikono iliyotoka kutengeneza samaki. Jambo hilo tunaliona katika majiko mengi, na katika migahawa pia.

Kinachotisha kwa kijidudu huyu ni mwendo wake. Penye joto na chakula hugawanyika mara mbili kila dakika 10 hivi. Basi mmoja akibaki juu ya samaki aliyeachwa kwenye ungo juani, baada ya saa moja wamekuwa 64, na baada ya saa tatu zaidi ya 260,000. Mtu akiwala wengi namna hiyo, kwa kawaida kabla ya siku moja kupita tumbo litasokota, ataharisha maji, atatapika na pengine kupata homa. Wengi hupona kwa siku tatu hivi, iwapo watapewa maji ya kutosha.

Dawa yake ya kwanza ni ile ile siri ya ukuta wake. Msuuze samaki, kamba na pweza kwa maji matamu yaliyo safi. Maji matamu humvunja vibrio huyu. Kumsuuza samaki kwa maji ya bahari yaliyochotwa pale pale bandarini, panapotupwa matumbo ya samaki na panapomwagika maji machafu ya mji, ni kumrudishia wadudu aliokuwa amepunguziwa. Baada ya hapo samaki awekwe kwenye barafu au apikwe mapema. Barafu haiwaui, inawalaza tu, kwa hiyo kupika ni lazima mpaka nyama ya ndani iwe moto kabisa. Chaza na kome wachemshwe mpaka wafunguke, kisha waendelee kuchemka dakika tano zaidi. Ndimu hubadilisha rangi ya nyama ya samaki ikaonekana kama imeiva, lakini haijaiva.

Na yule ng'onda wa bibi? Yeye yuko salama upande huu, kwa sababu chumvi yake ni nyingi kupita hata uvumilivu wa vibrio. Ila mnaokausha samaki mmekwisha kuona madoa mekundu yakitokea juu ya samaki wa chumvi, na wanaofanya kazi katika mashamba ya chumvi wanaijua rangi hiyo maji yanapokaribia kuganda. Hao ni viumbe wadogo wengine, wa ukoo ulio mbali na bakteria, ambao huhitaji chumvi kupita kiasi. Mwaka 1936 mtaalamu Benjamin Elazari Volcani alitangaza kwamba hata Bahari ya Chumvi inayotajwa katika Biblia, yenye gramu zaidi ya 300 kwa lita, ina viumbe hai ndani yake. Wale wekundu hawamletei mtu ugonjwa, lakini samaki mwenye madoa hayo ameanza kuharibika, na afadhali asinunuliwe.

Kidonda na maji ya bahari

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Yupo ndugu wa tatu, Vibrio vulnificus. Jina hilo la Kilatini maana yake ni mleta majeraha. Anapenda maji ya joto, zaidi ya nyuzi 20 za Selsiasi, na chumvi iliyo pungufu ya bahari kuu, kama ile ya hori na ya midomo ya mito. Rudini kwenye vijiko vyetu. Damu yetu ina chumvi kijiko kimoja na nusu kwa lita, kiasi ambacho yeye anakimudu vizuri. Kwa hiyo akipita kwenye mkato wa kisu, mchubuko wa matumbawe au tundu la mwiba wa samaki, hajioni mgeni.

Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipozamisha mwambao wa kusini wa Marekani, watu walitembea siku nyingi katika maji ya mafuriko yaliyochanganyika na bahari. Waliougua kutokana na ukoo wa vibrio walihesabiwa 22, wengi wao kupitia vidonda, na watano walikufa. Hesabu ni ndogo, lakini ugonjwa wenyewe una haraka ya kutisha. Mtu anajikata asubuhi, jioni mguu umevimba na kuwaka, kesho yake yanatokea malengelenge yenye rangi ya damu na nyama ya chini yake imeanza kufa. Katika kila watu watano wanaopatwa na kijidudu hiki, mmoja hivi hufa, pengine kwa siku moja au mbili. Wengine hupona baada ya kukatwa mkono au mguu.

Hapa ndipo madini ya chuma yanapoingia. Tulisema baharini chuma ni haba, na bakteria wa bahari wamezoea kukitafuta kama mtu anavyotafuta maji jangwani. Mwili wetu una chuma tele, lakini umekifungia. Katika damu kimeshikwa na protini maalumu, na ini ndilo mwenye ghala. Kwa mtu mzima wa afya, vulnificus akiingia hukuta milango imefungwa, na mara nyingi askari wa mwili humshinda. Lakini ini likiwa limeharibika, kwa homa ya manjano ya ini ya muda mrefu au kwa pombe ya miaka mingi, ghala linabaki wazi. Ndivyo ilivyo pia kwa baadhi ya wagonjwa walioongezewa damu mara nyingi kwa miaka, kwa kuwa kila chupa ya damu huja na chuma chake. Kijidudu hushiba na kuzaana ndani ya damu yenyewe. Watu wa namna hii, pamoja na wenye kisukari na wale ambao kinga yao imepungua, wasile kabisa chaza wabichi wala wasiingie baharini wakiwa na kidonda kibichi.

Tafadhali asitokee mama mjamzito akatupa vidonge vyake vya kuongeza damu kwa kusoma maneno haya. Chuma cha vidonge vile kinajenga damu ya mama na mtoto. Tunayemzungumzia hapa ni mgonjwa ambaye chuma kimemzidi au ini limeshindwa kukitunza.

Maji ya bahari ya Afrika Mashariki yana joto mwaka mzima. Wavuvi, akina mama wa mwani, wachokozi wa pweza na watoto wanaookota kome hawawezi kukaa nje ya maji, kwani ndipo ugali unapotoka. Tunachoomba ni hiki. Vaeni viatu, hata vya plastiki vilivyochakaa, mnapotembea kwenye miamba. Mtu akiumia, atoke majini aoshe jeraha mara moja kwa maji matamu safi na sabuni, kwa muda mrefu bila haraka. Kidumu kimoja cha maji ya bomba ndani ya ngalawa hakina uzito wa kumshinda mtu. Aliyechomwa na taa anaweza kutia mguu katika maji ya moto anayoyavumilia, kwani hupunguza maumivu, lakini jeraha lioshwe vile vile. Msiweke majivu, dawa ya meno wala unga wa betri. Chanjo ya pepopunda iulizwe zahanati.

Na kama maumivu ni makali kuliko ukubwa wa kidonda, uvimbe unapanda saa hadi saa, kuna homa na kutetemeka, au malengelenge yametokea, mgonjwa aende hospitali usiku huo huo, asingoje kesho. Akifika aseme wazi: "Nilikuwa baharini." Maneno hayo mawili humsaidia daktari kuchagua dawa inayofaa tangu mwanzo, badala ya kumpa vidonge vya kidonda cha kawaida na kumrudisha nyumbani.

Kisima cha maji chumvi

Kijidudu cha kipindupindu ndicho chenye tamaa ndogo ya chumvi katika ukoo huu. Hustawi zaidi penye kijiko kimoja au viwili kwa lita, lakini hata chumvi kidogo sana humtosha iwapo chakula kipo. Kwa hiyo maji matamu hayamvunji kama yanavyomvunja ndugu yake wa dagaa. Anaweza kukaa horini akiwa ameshikilia vijikamba vidogo visivyoonekana kwa urahisi, na anaweza kukaa kisimani na mtungini. Mtaalamu wa Marekani, Rita Colwell, pamoja na wenzake walimkuta katika ghuba ya Chesapeake miaka ya 1970, mahali ambapo hakukuwa na mlipuko wa ugonjwa. Huko Bangladesh walifundisha akina mama kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Vijikamba vilibaki kwenye kitambaa pamoja na abiria wao, na katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 kipindupindu kilipungua karibu nusu. Lakini nusu nyingine ilibaki, maana bakteria walio huru hupita kwenye kitambaa. Kuchuja kwa kanga ni hatua ya kwanza tu. Baada yake ni kuchemsha au kutia dawa ya klorini.

Basi kisima ambacho maji yake yana chumvichumvi hakijalindwa na chumvi hiyo. Kiasi unachokionja ulimini ni kile kile anachokipenda kijidudu. Kama kisima kiko karibu na choo au hufunikwa na maji wakati wa mvua kubwa, maji yake yachemshwe hata kama yanaunguza ulimi kwa chumvi.

Kipindupindu kikishaingia tumboni, sumu yake hufungulia kuta za utumbo, chumvi ya mwili inamwagika na maji yanaifuata. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Lakini sumu hiyo haiharibu mlango mmoja wa utumbo, ule unaopitisha sodiamu na sukari zikiwa pamoja. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliutumia mlango huo katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilipomwishia. Aliwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari, na vifo vikashuka kutoka 30 hivi kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Pakiti za maji ya chumvi na sukari, yaani ORS, hutolewa katika zahanati, na nyumbani ni vema ziwepo mbili tatu. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Mgonjwa anywe kidogo kidogo bila kuacha huku akipelekwa kituo cha afya. Yaonjwe kwanza: yasizidi chumvi ya machozi. Maji ya bahari yasitumiwe kamwe kutengenezea, hata yakichemshwa, hata yakipunguzwa kwa kukisia. Kuchemsha huua vijidudu lakini chumvi yote inabaki, na chumvi yake ni zaidi ya mara kumi ya inayotakiwa. Mtoto anayeharisha akinyweshwa maji hayo, utumbo utavuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza, naye atakauka upesi kuliko kama asingepewa kitu.